MASHINI INAYOPASUA PASIPO KISU

Somo kwa wagonjwa, kwa jamaa zao, na kwa wote wanaotunza wagonjwa nyumbani

Ndugu msomaji, labda umesikia watu wakiongea hivi kwenye baraza ya hospitali: "Kule mbali kuna mashini yenye mkono wa chuma. Inaharibu uvimbe ulio ndani ya mwili, lakini haikati ngozi, wala damu haitoki." Mtu wa kwanza anasema ni uongo. Wa pili anasema ni uchawi. Wa tatu anasema: "Nitauza shamba langu nimpeleke mama huko, naye atapona."

Wote watatu hawajafahamu vema. Mashini hiyo iko kweli. Si uchawi, ni kazi ya akili na ya hesabu. Tena haiponyi kila mtu. Tuangalie neno hili polepole, kwa maana mtu asiyelifahamu anaweza kupoteza mali yake, na pengine uzima wake pia.

1. KANSERE NI KITU GANI?

Mwili wako umejengwa kwa chembe nyingi sana, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Chembe hizi ni ndogo, jicho peke yake haliwezi kuziona. Kila siku chembe zilizochakaa zinakufa, na nyingine zinazaliwa mahali pao. Kazi hii inakwenda kwa utaratibu, nawe husikii kitu.

Kansere inaanza wakati chembe fulani zinapoacha utaratibu huo. Zinazaana pasipo kuacha, zinafanya uvimbe, na uvimbe unaingia katika nyama iliyo karibu. Kisha chembe nyingine zinatoka katika uvimbe ule na kuchukuliwa na damu. Zinakwenda kukaa katika mapafu, katika maini, katika mifupa au katika ubongo, nazo zinafanya uvimbe mwingine huko. Shika sana neno hili, kwa sababu tutalirudia: kansere inaanza mahali pamoja, halafu inatembea.

Si kila uvimbe ni kansere. Jipu ni uvimbe, henia ni uvimbe, na uko uvimbe wa mafuta chini ya ngozi usioleta hatari. Kansere haitoki kwa ulozi wa jirani. Wala huwezi kuipata kwa kula sahani moja na mgonjwa, au kwa kumwosha, au kwa kulala karibu naye.

2. MIONZI INAYOUA CHEMBE MBAYA

Katika 1895 Wilhelm Röntgen, mtu wa Udachi, alivumbua mionzi inayopita ndani ya nyama na kuonyesha mifupa. Ni mionzi hiyo tunayotumia tunapokupiga picha ya radio ya kifua au ya mguu uliovunjika. Baada ya muda mfupi waganga waliona ya kuwa mionzi yenye nguvu nyingi inaweza kuua chembe. Inaharibu kiini cha chembe hata isiweze kuzaa tena.

Inchi yetu ya Kongo ina sehemu katika habari hii. Katika 1898 Marie na Pierre Curie, kule Paris, walivumbua radiumu, kitu kinachotoa mionzi mchana na usiku. Katika 1915 mawe yenye uraniumu na radiumu yalionekana Shinkolobwe, katika Katanga. Tangu 1922 mawe hayo yalitengenezwa kule Olen, katika Ubelgiji, na radiumu yake iliuzwa kwa hospitali nyingi ili kutibu kansere. Hivyo kwa miaka mingi wagonjwa wa inchi za mbali walitibiwa kwa kitu kilichotoka katika udongo wa Katanga.

Lakini angalisha! Mtu asikudanganye ya kuwa kushika jiwe la Shinkolobwe, au kulivaa, au kunywa maji yake, kutakuponya. Kutakuumiza. Mionzi ni kama moto: mpishi mwenye akili anapika chakula kwa moto, lakini moto usio na mlinzi unateketeza nyumba.

Na shida yenyewe ni hii. Mionzi haichagui. Inapokwenda kwenye uvimbe inapita katika nyama nzima, nayo inaweza kuiumiza pia. Kwa hiyo katika matibabu ya kawaida ya mionzi, mganga anatoa kipimo kidogo kila siku, pengine kwa majuma 5 au zaidi, ili nyama nzima ipate nafasi ya kupumzika na kupona kati ya siku na siku.

3. WATU WALIOTAFUTA NJIA NYINGINE

Lars Leksell alikuwa mganga wa kupasua ubongo katika mji wa Stockholm, inchi ya Sweden. Aliona ginsi kufungua kichwa cha mtu kulivyokuwa na hatari nyingi. Katika 1951 alitoa mawazo mapya: badala ya kuingiza kisu, tutume mionzi myembamba mingi kutoka pande nyingi, yote ikutane mahali pamoja tu ndani ya kichwa. Kabla ya 1970 alikuwa amekwisha kutengeneza mashini ya kazi hiyo, yenye kobalti inayotoa mionzi.

Mashini ile ilisaidia watu wengi, lakini ilikuwa na mpaka. Ilikuwa lazima kufunga kichwa cha mgonjwa katika duara ya chuma yenye misumari ya kushika mfupa, ili asitikisike hata kidogo. Kichwa kinaweza kufungwa hivyo. Lakini mapafu na maini utayafungaje? Yanapanda na kushuka kila mara unapovuta pumzi.

Katika miaka ya 1980 John Adler, mganga wa ubongo kutoka Marekani, alikwenda Stockholm kujifunza kwa Leksell. Aliporudi katika chuo kikuu cha Stanford, yeye na wenzake walitafuta mashini ambayo haihitaji duara ya chuma. Katika 1994 mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwayo kule Stanford. Katika 2001 serikali ya Marekani ilitoa ruhusa itumiwe kwa uvimbe wa mahali po pote pa mwili, si wa kichwa tu. Mashini hiyo inaitwa CyberKnife. Jina lake lina neno "kisu", lakini kisu hakimo.

4. GINSI MASHINI INAVYOFANYA KAZI

Fikiri mkono wako. Una bega, kiwiko na kiganja, kwa hiyo unaweza kufikia kitu kutoka juu, kutoka chini, au kutoka upande. Mashini hii ina mkono mkubwa wa chuma wenye viungo 6, kama mikono inayotumika katika viwanda vya magari. Mkono wa namna hii unaitwa roboti. Mwisho wa mkono pana chombo kinachofanya mionzi kwa nguvu ya umeme. Hakina radiumu wala kobalti. Umeme ukizimwa, mionzi inakoma.

Mkono unazunguka mgonjwa. Unasimama mahali pamoja, unatuma mwonzi mwembamba, unakwenda mahali pengine, unatuma tena. Pengine unafanya hivyo zaidi ya mara 100 katika kipindi kimoja.

Sasa chukua mfano wa kijiji. Watu 100 wanatoka katika nyumba 100, kila mmoja ameshika kijinga kimoja cha moto. Kila mtu anapita njia yake. Majani ya njia ile yanapata joto kidogo tu, hayaungui. Lakini watu wote wakifika kwenye uwanja na kuweka vijinga vyao pamoja, moto mkubwa unawaka. Ndivyo ilivyo hapa. Kila mwonzi peke yake ni dhaifu, nyama unamopita haiumizwi sana. Mahali mionzi yote inapokutana, pale penye uvimbe, nguvu inakuwa kubwa, na chembe mbaya zinauawa.

Namna gani mashini inajua mahali uvimbe ulipo? Juu ya chumba pana vyombo viwili vya kupiga picha za radio. Vinapiga picha mara kwa mara wakati wa kazi, na kompyuta inalinganisha picha hizo na zile zilizopigwa mbele. Kama uvimbe uko katika nyama laini, mara nyingi mganga anaingiza kwanza kwa sindano vipande vidogo vya dhahabu, vidogo kama punje ya mchele au kupungua. Dhahabu inaonekana vizuri katika picha, na inakuwa alama.

Na pumzi je? Mgonjwa anavalishwa vazi lenye taa ndogo kifuani. Kamera inaangalia taa hizo zinavyopanda na kushuka, na mkono wa chuma unafuata. Umekwisha kuona mama anayemlisha mtoto asiyetulia? Mtoto anageuza kichwa, na kijiko kinafuata kinywa. Ndivyo mkono huu unavyofuata uvimbe katika mapafu. Kosa lake kwa kawaida halizidi milimita moja au mbili.

5. SIKU YA KUTIBIWA

Mgonjwa analala juu ya meza. Kwa kawaida hapewi dawa ya usingizi. Hasikii maumivu wakati mionzi inapopita, kama vile husikii maumivu unapopigwa radio. Waganga wanakaa katika chumba kingine chenye ukuta mnene, wanamwona na kuongea naye. Mara nyingi kipindi kimoja kinachukua nusu saa mpaka saa moja na nusu. Kisha anaamka na kwenda zake. Matibabu yote ni mara 1 mpaka 5, si majuma mengi. Kwa mtu aliyetoka mbali, anayelipa chumba na chakula katika mji wa wageni, jambo hili si dogo.

Lakini asishangae kuona uvimbe ungali uko. Mionzi haiondoi uvimbe siku ile ile. Chembe zilizopigwa zinakufa polepole, kwa majuma au miezi. Lazima mgonjwa arudi kupigwa picha kama alivyoagizwa.

Mgonjwa anaweza kuchoka, au kusikia kichefuchefu, au kuumwa mahali palipopigwa. Karibu na matumbo au uti wa mgongo hatari ni kubwa zaidi, kwa hiyo hesabu za kipimo zinafanywa kwa uangalifu mwingi mbele ya kuanza.

Watu wengine wanaogopa mgonjwa aliyerudi. Wanasema mionzi ingali ndani yake. Si kweli. Mashini ikizimwa hakuna mionzi inayobaki mwilini. Mle pamoja, mpe mtoto ampakate.

6. MASHINI HAIWEZI NINI?

Inafaa kwa uvimbe mdogo, uliojulikana vizuri mahali pake, ambao haujatembea, au umefanya vituo vichache tu. Inatumika kwa ubongo, uti wa mgongo, mapafu, maini, figo, kongosho, na kwa prostati, yaani tezi ya mwanaume iliyo chini ya kibofu cha mkojo.

Haiponyi kansere iliyokwisha kutawanyika mwili mzima. Haifai kwa kansere ya damu. Haifai kwa uvimbe mkubwa sana, kwa maana moto wa kuuteketeza wote ungeumiza nyama nyingi nzima.

Tena kuna kansere nyingi zinazotibiwa vema kwa njia nyingine. Uvimbe wa taya la mtoto, ambao mganga Denis Burkitt aliueleza katika 1958 alipokuwa Uganda, mara nyingi unapona kwa dawa za sindano kama mtoto analetwa mapema. Kansere ya titi inapasuliwa kwa kisu cha kweli, na dawa zinaongezwa. Mlango wa kizazi unaweza kupimwa kwa kupakwa siki, na mahali palipoanza kuharibika panatibiwa kabla ya kuwa kansere. Na kansere nyingi ya maini ingezuiwa kama watoto wote wangepewa chanjo ya hepatiti B. Kwa mambo hayo huhitaji roboti.

7. HABARI YA BABA MMOJA

Habari hii inatukia mara nyingi, katika vijiji vingi. Baba anaona damu katika mkojo wake. Hana maumivu, basi ananyamaza. Baada ya miezi 2 damu inarudi. Anaona haya kumwambia mke wake. Ndugu yake anamwambia: "Umelogwa," wanakwenda kwa mfumu, mbuzi 3 wanatoka. Wanakwenda kwa mwingine, mbuzi wengine wanatoka. Mwaka unapita. Sasa mgongo unamuuma usiku na mchana. Anakuja hospitali, anapimwa, na mganga anamwambia ya kuwa kansere ilianza katika figo, na sasa imefika katika mifupa.

Ndipo mtoto wake anasema: "Nimesikia habari ya mashini ya mkono wa chuma. Tutauza shamba."

Mganga atajibu nini? Siku ile damu ilipoonekana mara ya kwanza, labda kisu peke yake kingetosha. Sasa mashini inaweza kusaidia pengine kupunguza maumivu ya mfupa mmoja, lakini haiwezi kufukuza kansere mwilini mwote. Mashini haikushindwa. Ni siku zilizopotea.

8. DALILI ZA KUKULETA HOSPITALI UPESI

(1) Uvimbe katika titi, shingo, kwapa au mahali pengine, unaoendelea kukua au usioisha kwa majuma 3.
(2) Kidonda kisichopona.
(3) Damu katika mkojo au katika choo kikubwa, hata kama hakuna maumivu.
(4) Mwanamke anayetoka damu baada ya kulala na mume wake, au baada ya kukoma hedhi.
(5) Kikohozi cha majuma 2 au zaidi, au chenye damu. Labda ni kifua kikuu, nacho kinapona kwa dawa. Njoo upimwe.
(6) Shida ya kumeza chakula, au kukonda pasipo sababu.
(7) Kuumwa kichwa kila asubuhi pamoja na kutapika, au upande mmoja wa mwili kulegea.
(8) Mtoto mwenye taya au tumbo linalovimba, au mwenye weupe ndani ya mboni ya jicho.

Mengi ya mambo haya si kansere. Ukija, labda utarudi nyumbani na furaha siku ile ile. Usione haya. Mwuguzi amekwisha kuona mengi, naye hatangazi siri yako.

9. MBELE YA KUUZA SHAMBA

Hospitali yetu haina mashini hii. Inahitaji umeme usiokatika, ukuta mnene, na watu waliosoma miaka mingi. Katika Afrika ni chache. Katika Kenya, hospitali kubwa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta karibu na Nairobi ilipata moja baada ya 2020. Kama mtu akikuambia umpeleke mgonjwa wako mbali, uliza kwanza maulizo haya:

Je, kipande cha uvimbe kilitolewa na kupimwa, hata tujue hakika ni kansere ya namna gani?
Je, imetembea? Picha zinaonyesha nini?
Je, yako matibabu mengine karibu, yanayofaa sawasawa au kupita?
Je, barua na picha zilitumwa kwanza kwa waganga wa kule, nao walijibu ya kuwa wanaweza kumsaidia?
Je, gharama yote ni ngapi, pamoja na safari, chumba, chakula, na safari ya kurudi kupimwa?

Usimpe franka mtu anayeahidi kwamba mashini inaponya kila kansere. Mganga mwema hasemi hivyo. Atakuambia yanayowezekana na yasiyowezekana.

Na kama jibu ni kwamba kansere haiwezi kuondolewa tena, usifikiri ya kuwa kazi imekwisha. Maumivu yanaweza kutulizwa, na morfini ya kunywa inasaidia sana. Vidonda vinaweza kusafishwa visinuke. Mgonjwa anaweza kukaa nyumbani, kati ya watoto wake, na shamba la watoto likabaki. Jamaa waliochagua njia hiyo hawakumtupa mgonjwa wao.

Ndugu, mashini hii ina mkono wenye akili nyingi, lakini haina miguu. Haiwezi kukutafuta nyumbani kwako wakati uvimbe ungali mdogo. Miguu ni yako. Njoo mapema.

MAULIZO

1. Kansere inatembea mwilini kwa njia gani?
2. Kwa nini mionzi mingi dhaifu ni afadhali kuliko mmoja wenye nguvu? Eleza kwa mfano wa vijinga.
3. Mashini inafuata namna gani uvimbe unaotikiswa na pumzi?
4. Je, ni hatari kula pamoja na mtu aliyetibiwa kwa mashini hii? Kwa nini?
5. Taja kansere mbili zinazoweza kutibiwa au kuzuiwa pasipo mashini hii.
6. Yule baba alipaswa kufanya nini siku ya kwanza alipoona damu? Nani kati ya jamaa zako anapaswa kusikia habari hii leo?